DAFTARI LA WATEJA NI LA NANI?



Jambo jipya limeingia kwa vinyozi, saluni na gereji za mitaa yetu. Mteja hangoji zamu tena kwenye benchi. Hufungua simu, huona saa zilizo wazi, huchagua fundi amtakaye, na pengine hulipa arubuni kwa M-Pesa. Programu huifunga saa ile ili mwingine asiichukue, kisha humpelekea ujumbe wa kumkumbusha.

Sisi wa reli hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Twafanya kazi kwa zamu. Mtu akitoka kazini alfajiri, saa zake za kulala ni chache. Akizimaliza kwenye benchi la kinyozi amepoteza mapumziko yake. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Tangu Madaraka Express ilipoanza kwenda Mombasa na Nairobi mwaka 2017, abiria wengi wamezoea kuweka nafasi kwa simu. Hatupigani na simu. Twapigana na dhuluma inayopita nyuma ya simu.

Wauzaji wa programu huwaambia wenye maduka kwamba hakuna saa itakayopotea. Vema. Lakini twauliza: saa ikipotea, hasara ni ya nani? Katika treni, kiti kikikaa bure hasara ni ya shirika. Dereva hupata mshahara wake. Lakini katika saluni nyingi fundi hana mshahara. Hulipwa fungu kwa kila kichwa. Mteja akiweka saa nne kisha asitokee, aliyekuja kwa miguu amekwisha kurudishwa, na fundi amekaa mikono mitupu. Arubuni yaenda wapi? Ikiwa imelipwa kwa nambari ya mwenye duka, hubaki kwake, na fundi aliyepoteza saa haoni hata senti.

Sasa twaja kwenye daftari. Zamani fundi aliandika majina na nambari za wateja wake mwenyewe. Leo yote yamo ndani ya programu, na ufunguo ni wa mwenye duka. Twamjua dada mmoja, mke wa mwenzetu wa karakana, aliyesuka nywele katika saluni moja kwa miaka sita. Alipotaka kufungua kibanda chake, nywila ilibadilishwa jioni ile ile. Wateja waliomtafuta kwa jina waliambiwa tu kwamba hana nafasi, wakapewa fundi mwingine. Miaka sita ya kazi ya vidole vyake ilibaki ndani ya mashine.

Mwenye duka atajibu: Mimi ndiye nilipaye kodi na umeme. Ni kweli, na kwa hayo anapata fungu lake. Lakini kodi haikununua imani ya mteja kwa mkono wa fundi. Nambari ile si mali ya mwenye duka, wala si ya fundi. Ni ya mteja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mteja haki ya kujua habari zake zatumiwa kwa kazi gani. Basi na aulizwe yeye! Kumwambia uongo kwamba fundi wake hana nafasi ni kumdhulumu yeye pia.

Na tujifunze kwa madereva wa teksi za simu. Walilia kwa miaka kwamba kampuni zinawakata mno, mpaka mwaka 2022 serikali ikaandika kanuni kwamba kampuni isikate zaidi ya 18 kwa mia. Kanuni ile ni ya usafiri, kinyozi hakutajwa. Programu nyingine hutoza ada ya mwezi, nyingine hukata fungu kwa kila mteja mpya. Likikatwa kwa siri kabla fundi hajahesabiwa lake, ni yeye anayelipa asichokinunua.

Kwa hiyo twasema:

1. Arubuni ya mteja asiyetokea igawanywe, fundi apate fungu lake kama siku zote.

2. Fundi akiondoka, mteja aambiwe kweli, naye achague.

3. Fundi aone saa zake na hesabu yake, wala asijaziwe vichwa mfululizo bila saa ya kula.

4. Benchi lisiondolewe. Mzee asiye na simu ya intaneti naye ana nywele.

Wengi wetu tuna wake, dada na ndugu katika kazi hizi. Tuwaambie wasikubali mashine kabla ya kuuliza maneno haya manne, na wayaulize pamoja, si mmoja mmoja. Anayeuliza peke yake huonyeshwa mlango. Wakiuliza wote, mwenye duka hawezi kusuka nywele zote mwenyewe.

Na sisi tusijisafishe. Ni wangapi kati yetu tumeweka saa kisha tukalala, bila kutuma hata neno? Siku ile tulikula mkate wa mfanyi kazi mwenzetu. Ukiweka saa, nenda. Usipoweza, ifute mapema.

Mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama, na siku hizi kisu ni daftari. Tusiliachie mtu mmoja.

UMOJA NI NGUVU.