Uzee Unaopikwa Jikoni

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua Mtanzania kuwa mzee anapotimiza miaka 60. Kwa kazi ya karani kipimo hicho kinatosha, maana fomu inataka namba. Lakini hakielezi kwa nini wanawake wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja akipikia kuni kijijini Meatu na mwenzake akipikia gesi Dar es Salaam, wanaweza kuufikia umri huo wakionekana kama mtu na mama yake. Kwa maoni yangu tunauanza uzee mahali pasipo pake. Tunausubiri kwenye dirisha la wazee hospitalini, ilhali umekuwa ukipikwa jikoni kwa miongo minne.

Chukua jiko lenyewe. Katika sehemu za Usukumani ambako miti imeadimika, moto huwashwa kwa vijiti vya pamba, mabua au samadi kavu. Moto wa aina hiyo hufuka kuliko unavyowaka. Mpishi anainama, anapuliza, anafumba macho, anageuza uso akohoe, kisha anarudi kusonga ugali. Shirika la Afya Duniani linauhusisha moshi huo na magonjwa ya mapafu, ya moyo na mtoto wa jicho, na lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Usukumani ukatili unazidi hapo: macho mekundu, jeraha la kuwalisha wengine, yamekuwa yakitajwa kama dalili ya uchawi, na vikongwe wameuawa kwa sababu hiyo.

Mtu atasema hizo ni imani tu, elimu itaziondoa. Mbona basi zinaua zaidi miaka fulani? Mchumi Edward Miguel, katika utafiti wa vijiji vya Meatu, huko huko Usukumani, uliochapishwa mwaka 2005, aligundua kuwa mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa kama maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko, wakati mauaji mengine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee. Imani ilikuwepo mwaka mzuri na mwaka mbaya. Kilichobadilika ni ghala. Chakula kilipopungua, mdomo wa bibi ulianza kuhesabiwa.

Wapo wanaosema uzee mwema ni bahati ya ukoo. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote: utafiti wa mapacha wa Denmark waliozaliwa kati ya 1870 na 1900 ulikadiria kuwa urithi unaeleza takriban robo tu ya tofauti za urefu wa maisha. Wengine hutaja bibi zao waliopikia kuni wakafika miaka 90. Hao tunawaona kwa sababu wapo. Waliozikwa na miaka 55 hawaji kutoa ushahidi.

Pingamizi zito ni la fedha. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na lengo ni zuri. Ila mtungi wa kwanza wa gesi ukigawiwa kwenye hafla, wa pili hujazwa kwa fedha za mama mwenyewe, na zikikosekana mtungi hugeuka kigoda. Ndiyo maana jiko safi halitenganishwi na kipato cha uhakika. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016: kila mkazi aliyefika miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa alichangia nini, na kiwango kimepandishwa baadaye. Fedha ndogo, ndiyo, lakini anayeipokea anaingia kwenye hesabu ya nyumba kama mleta unga. Bara ingeiga hilo, kwa sharti moja: isisubiri miaka 70. Mpishi wa Meatu, kwa macho na mapafu yake, huifikia 70 akiwa bado na 55.