Usiisingizie Pasi!

Ndugu zangu waandishi chipukizi, nimewasoma. Nimesoma mapenzi yenu, misiba yenu, na ile mvua yenu inayonyesha kila shujaa anapolia. Vizuri. Lakini leo nataka tuzungumze habari ya pasi. Msicheke kwanza.

Nyumbani kwetu Mbagala ililetwa pasi ya mvuke, imenunuliwa Kariakoo, bado inanukia boksi. Kabla ya hapo tulikuwa na ya mkaa, ile yenye jogoo mbele, ambayo ukizubaa majivu yanarukia shati. Hii mpya tuliipokea kama bi harusi. Basi, miezi miwili haikufika. Alfajiri moja dada yangu anajiandaa kwenda kwenye usaili wa kazi, blauzi nyeupe iko mezani, akabonyeza kitufe cha mvuke. Pasi ikakohoa, ikatema maji ya rangi ya chai kifuani pa blauzi. Dada aliondoka amevaa blauzi ya jirani, mikono imemfunika mpaka vidoleni. Kazi hakupata. Sisemi ni kwa sababu ya blauzi. Lakini mtu anayekaa mbele ya mabosi huku anavutavuta mikono ya nguo, ajibu swali gani kwa kujiamini?

Jioni hukumu ikapitishwa uani. Mama mwenye nyumba akasema, "Vitu vya Kichina hivyo." Mpangaji wa chumba cha mbele akadakia, "Na inatumalizia LUKU bure." Mimi kimya, maana mjaza maji wa pasi ile nilikuwa mimi. Na maji yenyewe yalikuwa ya kisima.

Jamani, pasi ya mvuke haina uchawi. Maji yanadondoka kidogo kidogo kutoka kwenye tangi, yanakutana na bamba la moto, yanageuka mvuke na kutoka kwa vitundu vya chini. Mvuke unatoka, lakini chumvi na chokaa vinabaki ndani, kama ule ukoko mweupe mnaouona kwenye birika la chai. Ukoko unaziba vitundu, unashika kutu, na siku ukibanduka unaangukia nguo yako ya maana kuliko zote. Sisi wa Mbagala na Kigamboni tunayajua maji ya visima vya chumvi. Unafua, sabuni inakataa kutoa povu! Na mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukauma jiji zima, hata wenzetu wa Kinondoni waliozoea bomba walikimbizana na madumu ya visima. Je, ni wangapi waliyamimina kwenye pasi? Mchina hajachimba kisima cha Mbagala.

Sasa mtauliza, karatasi ya maelezo haikuwemo? Ilikuwemo! Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Kiswahili hakuna hata neno la salamu. Mimi nimeishia Kidato cha Nne na Kiingereza changu ni cha kuombea maji, tena maji ya kunywa, si ya pasi. Nilikesha na kamusi usiku baada ya blauzi kuharibika. Na onyo lilikuwa pale pale, ukurasa wa pili.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa nchini, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hongera. Yaani mwizi wa pasi anaweza kuhukumiwa kwa Kiswahili, lakini mwenye pasi hawezi kuambiwa kwa Kiswahili maji gani atie! Mwagizaji anachukua pesa zetu, muuzaji anasema "hii kali, mtu wangu", kisha mnaachiana na bahati yako.

Lakini hao nimewagusa tu. Ugomvi wangu hasa ni na sisi tunaojiita waandishi. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Hiyo si fasihi, ni kazi ya fundi." Sawa. Lakini tunalia kila siku kwamba watu hawasomi. Watu wasome nini? Ukurasa ambao nyumba yetu yenye vyumba sita iliuhitaji kuliko riwaya yangu isiyokwisha ulikuwa ni ule wa pasi, na hakuna aliyeona ni heshima kuuandika. Anayeshindwa kumweleza mama yake namna ya kutunza pasi akaelewa, atatueleza moyo wa binadamu?

Basi nimeuandika mwenyewe, nikaubandika ukutani juu ya soketi. Unasema hivi:

Maji ya kisima yasiingie humu. Tia ya bomba. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji ya betri usijaribu, mengine ni tindikali. Bomba likikauka, acha tangi tupu, lowesha kitambaa safi, tandika juu ya nguo, piga pasi.

Usibonyeze mvuke kabla taa haijazimika. Bamba likiwa bado la baridi litadondosha maji. Anza na nailoni kwa moto mdogo bila mvuke, malizia na pamba. Nyoosha nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kuipasha moto kila asubuhi ndiko kunakomaliza LUKU.

Ukimaliza, chomoa kwanza, mwaga maji yaliyobaki, isimamishe ipoe.

Mara moja kwa mwezi jaza maji ya bomba, pasha mpaka moto wa mwisho, chomoa, inamisha juu ya karai huku umebonyeza kitufe cha kusafishia, itikise. Watoto wakae mbali, yanatoka maji ya moto.

Mama mwenye nyumba aliusoma amesimama, akaurudia, halafu akauliza nani kauandika. Hajawahi kuniuliza hivyo juu ya kitu chochote nilichoandika. Nanyi wenzangu, kuna jiko la gesi, kuna friji, kuna dawa ya mbu. Chagueni.