TAHARIRI: KUPUNGUZA RIBA SI KUIONDOA

 

Tangu sarafu ya Uturuki ilipoporomoka mwaka 2021, wapo wanaotudhihaki kwamba Uislamu ulijaribiwa katika uchumi wa zama hizi ukashindwa. Hoja yao ni kuwa Rais Erdoğan alishusha riba kwa kufuata nassi, na mwenyewe alitamka hivyo Desemba ya mwaka huo. Inasikitisha kwamba baadhi ya waumini nao hukosa la kujibu.

Tutazame kilichotendeka. Benki Kuu ya Uturuki huzikopesha benki nyingine fedha za juma moja, kwa riba. Baina ya Septemba na Desemba 2021 riba hiyo ilishushwa kutoka asilimia 19 hadi 14, ilhali bei za vitu zikipanda kwa kasi zaidi. Aliyeweka lira benki aliona thamani yake ikiyeyuka, akakimbilia dola na dhahabu. Dola iliyouzwa takriban lira 8 mwanzoni mwa Septemba ilivuka lira 18 tarehe 20 Desemba. Na kwa kuwa nchi ile hununua mafuta na gesi kutoka nje, kila kitu kilipanda. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 85. Walioumia ni watu wa mshahara na wajane wenye akiba kidogo.

Sasa tuwaulize wenye dhihaka: riba iliondoka lini? Asilimia 14 ni riba, na 8.5 iliyofikiwa Februari 2023 ni riba vilevile. Aya ya 278 ya Suratul Baqara inaamrisha kuachwa kilichobakia katika riba, wala haikusaza asilimia yoyote. Tena Desemba ileile serikali ilianzisha amana za benki ambazo mwenye fedha alipewa riba yake, na dola ikipanda kuliko riba hiyo, alifidiwa tofauti kwa mali ya umma. Yaani masikini asiye na akaunti alimlipia tajiri! Hatuijui nassi iliyoagiza hilo. Kufikia Machi 2024 riba ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 50.

Hata hivyo tusiishie kujitetea. Kulinda thamani ya fedha ni amana ya mtawala. Al-Maqrizi aliwalaumu watawala wa Misri kwa wingi wa fulusi za shaba tangu karne ya 9 Hijria. Na fedha ikianguka huumia mtenda wema. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa deni hulipwa kwa idadi ileile, si kwa thamani. Basi aliyemkopesha nduguye lira 1,000 mwanzoni mwa Septemba 2021 akarejeshewa tarehe 20 Desemba, kwa kipimo cha dola alipata chini ya nusu, wala hana haki ya kudai nyongeza. Mwenye kuchelea hali hiyo anaweza kukopesha dhahabu, naye arejeshewe dhahabu kwa uzito uleule.