Fungua Bonet Mwenyewe

Kuna ujinga ambao sisi watu wa mjini tunaulipia kwa hiari, tena kwa M-Pesa, na asante juu. Mtu ana digrii, anaweza kusoma mkataba wa kazi wa kurasa ishirini na kuona pale anapobanwa, lakini gari ikilia kidogo akikata kona, akili inazima. Anapigia fundi. Fundi anamwambia, "Leta tuicheki." Hapo bei imeshaanza kupanda na bado hakuna aliyeangalia kitu.

Mimi nasema hivi: kubadilisha mafuta ya klachi na oili ya stering si kazi ya kupeleka gereji. Ni kazi ya Jumamosi asubuhi, watu wawili na spana moja. Anayekuambia vingine anakuuzia woga.

Najua mtasema nini. Ati gari si mchezo, ati kila mtu abaki na kazi yake. Sawa, tuiangalie hiyo kazi yenyewe.

Klachi ya haidroliki inatumia mafuta yale yale ya breki, DOT 3 au DOT 4, na mara nyingi kifuniko cha kikopo chake kimeandikwa ni gani. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya huchemka ikifika nyuzi 205 hivi za Selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Rangi yake inatoka ya asali na kuwa ya kahawa, kutu inaanza ndani ya silinda, raba zinalika, halafu siku moja kwa jam ya Thika Road pedali inazama na gia inakataa kuingia.

Dawa yake ni hii. Unanyonya mafuta machafu kwenye kikopo kwa bomba la sindano la duka la dawa, unajaza mapya. Kwenye giaboksi kuna silinda ndogo yenye nipo iliyofunikwa na kofia ya raba. Chomeka kipaipu cha plastiki cheupe kinachoonyesha ndani, ncha ya pili iingie kwa chupa. Mwenzako anakanyaga klachi na kuishikilia chini. Wewe unalegeza nipo, uchafu unatoka, unakaza, ndipo anaachilia. Akiachilia kabla hujakaza, hewa inaingia na mnaanza upya. Mnarudia hadi yatoke safi bila mapovu, na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja. Hiyo ndiyo siri yote. Ukimwaga kwa rangi ya gari, osha kwa maji haraka, kwa sababu yanakula rangi.

Stering ni rahisi zaidi. Nyonya oili nzee kwenye kikopo chake, jaza mpya, washa injini, zungusha usukani polepole hadi kushoto, halafu hadi kulia, bila kuukazia kule mwisho. Zima, nyonya tena, jaza tena. Mara tatu, nne, rangi inarudi.

Sasa, kwa nini kazi ndogo hivi inaogopewa hivyo? Kwa sababu kuna watu wanaokula kupitia huo woga. Mimi ninaendesha Toyota 110 ya manyuali, gari ya umri wa kwenda kupiga kura. Ilipoanza kuguna nikikata kona, gereji moja safi, yenye viti vya kungojea na chai ya bure, iliniambia pampu ya stering imekufa na nitafute elfu kumi na nane. Hakuna aliyekuwa amefungua hata kikopo. Nilikifungua mwenyewe: oili nyeusi, inanuka kuungua, tena imeshuka chini ya alama. Nikanunua lita mbili za ATF, na nikarudishiwa chenji kwa noti mbili za elfu. Mguno ukaisha. Ndiyo, kuna siku pampu huwa imekufa kweli. Lakini basi nionyeshe kwanza, usinitangazie tu matanga.

Na si pesa peke yake. Asiyejua hawezi hata kumchunga anayemfanyia. Ukimimina mafuta ya breki kwenye stering, unaua sili. Ukimimina ATF kwenye klachi, raba zinafura. Makosa haya hufanywa na mtu mwenye haraka, chupa zikiwa zimepangwa pamoja, na wewe uko ndani unakunywa ile chai. Halafu kuna hii: Vitz na Honda Fit nyingi zinazojaa barabara zetu zina stering ya umeme. Hazina oili ya stering kabisa. Siku utakapotozwa pesa za "kuibadilisha," utajua ni nani aliyekuwa shule na ni nani aliyekuwa karo.

Tulifundishwa wapi kuogopa? Shule ya udereva tulisukuma vigari vya mchezo kwenye ubao wa mji wa kuigiza, raundiabauti na yote, hadi tukaitwa madereva. Shule niliyosomea mimi, bonet ilibaki imefungwa hadi siku ya mtihani. Tukafuzu tukijua nani apite kwanza, bila kujua ni nini kinachotusimamisha.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: kwamba ukijifanyia mwenyewe unamnyima fundi wa jua kali ugali wake. Hapana. Fundi mzuri wa Grogan hashibi kwa kunyonya oili kwa bomba la sindano. Anashiba kwa kushusha giaboksi, kubadilisha sahani ya klachi, kazi ya mikono iliyosomea miaka. Mteja anayejua hamnyimi huyo kitu. Anamlipa kwa heshima, bila kumshuku kila akitaja spea. Anayepoteza mteja ni tapeli peke yake.

Landilodi nao. Ploti imejaa magari, lakini kwa ukuta kuna bango: marufuku kutengeneza gari hapa. Ukifungua bonet, keateka anakuja mbio kama umewasha jiko la mkaa. Kama ni oili inayomwagika, tandika katoni, kusanya ile chafu kwa chupa, na usiimwage mtaroni, kwa sababu mitaro yetu inaishia mtoni. Ukiacha saruji safi kuliko ulivyoikuta, hana la kusema.

Sikwambii uwe shujaa. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Egesha palipo sawa, vuta hendibreki, weka mawe kwa magurudumu. Soma kikopo kabla ya kununua chupa. Pedali ikiendelea kuzama baada ya hapo, au ukiona kuvuja, mwite fundi.

Tofauti ni kwamba utamwita ukiwa na swali, na atakujibu kama mtu mzima.