Vitambaa vya Wateja na Mvua ya Vuli



Dada yetu mmoja, aliyeolewa Nairobi na kufungua chumba cha ushoni mtaani Umoja, ametuletea swali ambalo limenikaa moyoni juma zima. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, mvua ile iliyoighariki Mathare na mitaa mingi ya jiji, maji yaliingia chumbani mwake yakafika magotini. Ulikuwa Mfungo Mosi, msimu wa harusi, na mifuko ya vitambaa vya sare ilikuwa imepangwa sakafuni. Wateja wengi walimsamehe. Mmoja alidai alipwe, naye akamlipa. Sasa auliza: je, ilinipasa kulipa? Na vuli yaja, nifanyeje?

Swali la kwanza lina wenyewe, na hukumu ya kesi yake ataipata kwa sheikh atakayemsikiliza. Nijualo ni kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafi, kauli yenye nguvu ni kuwa fundi ni mwenye amana: hadhamini kilichoharibika mikononi mwake maadamu hakuzembea. Fundo liko hapo penye kuzembea. Maji yaliyokuja ghafla ni jambo moja. Maji ambayo kila masika hufika kizingitini, na Idara ya Hali ya Hewa imeshatangaza mvua kubwa, ni jambo jingine. Kwa hivyo, dada yangu, maswali yako mawili ni swali moja.

Asiyeijua Umoja aelewe kwamba mtaa huu ulianza kujengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za chini. Leo nyingi zimepandishwa kuwa maghorofa, na watu wamezidi mno kuliko ile mifereji iliyokusudiwa kuwahudumia. Udongo wa upande huo wa jiji nao ni ule mweusi unaonata, ukishashiba maji hauyanywi tena. Mfereji ukizibwa na taka, maji hutafuta mlango wa duka.

Basi anza na ukuta. Tazama alama ya maji ya Aprili ilipoishia, ongeza dhiraa moja, na hapo ndipo rafu ya kwanza iwe. Vitambaa vya watu vikae juu kabisa, vyako chini yake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini ndoo kubwa zenye vifuniko zipo, na kanzu ya bwana harusi hukaa ndani yake salama. Mlangoni jenga tuta dogo la matofali na saruji. Kama cherehani yako ni ya kiwandani, mota yake huning'inia chini ya meza, nayo ndiyo hulowa kwanza, iinue mapema. Maji yakikaribia, zima swichi kuu ungali mkavu. Yakishaingia, usiiguse, na cherehani iache iende.

Kuliko vyote, daftari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni, na wengi wetu twaisoma huku vipimo na malipo ya kutanguliza yakiwa kwenye kikaratasi kimoja. Kila Ijumaa piga picha kila ukurasa, uzitume kwa simu ya dada yako aliyeko Mombasa. Picha za bidhaa zitakufaa pia ukiwa na takaful, ambayo Kenya tunayo tangu 2011. Kabla ya kutia sahihi, uliza kwa maandishi kama mafuriko yamo, kwa kuwa si kila mkataba huyataja.

Maji ya huko huchanganyika na majitaka. Kitambaa kilicholowa kioshwe vizuri kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani, na mwenyewe aambiwe yaliyokipata. (Wauza vyakula: unga ulioguswa na maji hayo ni wa kutupwa, hata ukikauka ukawa mweupe. Kuuanika na kuuza ni ghushi, na kipindupindu hakichagui.)

Yule uliyemlipa, mwache. Ulitoa kwa radhi. Seremala wa rafu mwite sasa, kabla ya Oktoba, kwani mvua ikishashika kila duka humtaka yeye.