Transfo haiungui yenyewe

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaobaki nyumbani wakati wababa wako kwenye mashimo: leo hatuongei mushahara. Tunaongea kabini ya umeme, ile yenye transfo, pale kartieni.

Kabini yetu huku Mugunga iliungua msimu wa mvua. Radi ilipiga usiku, tukasikia mlio mmoja mkubwa, kisha giza. Wajumbe wakapita nyumba kwa nyumba: dola 5 kila mlango. Tukatoa. Wenye hawakuwa nazo walikopa. Transfo ingine ikaletwa, watoto wakapiga kelele za furaha, na miezi michache nyuma nayo ikaungua. Karatasi ya kuchangisha ikarudi. Hapo siye wa sendika tukasema: ngojeni kwanza. Ile ya kwanza ilikufa na ugonjwa gani?

Kwenye shimo, mawe yakiangukia mtu, hatuingizi mwingine fasi ile ile asubuhi yake. Tunaangalia kwanza miti ya kushikilia, tunaangalia maji yanapita wapi. Kwa kabini hakuna aliyeangalia.

Tulikwenda na fundi mmoja tunayemwamini, akatuonyesha akiwa amesimama mbali, juu umeme ulikuwa bado unapita kwenye laini ya juu. Jambo la kwanza: fasi ya parafudri ilikuwa wazi. Parafudri ni kile kichupa cha kauchu ao cha kauri kinachokaa pembeni ya transfo. Siku za kawaida hakifanyi kitu. Radi ikipiga laini, kinafungua njia na kuipeleka chini kabla haijaingia ndani ya transfo. Jambo la pili: fizibili ziliondolewa, wakaweka waya nene wa shaba. Fizibili iliumbwa ili ife yenyewe na kuokoa transfo. Ukiweka waya nene, ni transfo inakufa na waya unabaki mzima. Mwenye alifanya hivyo alitaka umeme urudi haraka, na kweli ulirudi.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa chini ya miguu yetu. Ule waya wa udongo, mafundi wanauita latere, ulishuka kwenye nguzo ukaishia juu ya jiwe. Hata parafudri ingekuwepo, ingetupa radi wapi?

Siye si mafundi wa umeme. Lakini jiwe tunalijua. Mugunga imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea ndani ya nyufa, na kesho yake jiwe ni kavu kama jana. Jiwe kavu halikubali umeme upite. Ukichomeka fimbo moja ya shaba kwenye udongo mweusi wenye majimaji, inaweza kutosha. Ukiichomeka hapa, kipimo kinaweza kuonyesha mamia ya ohmu, na mafundi wanatafuta ohmu chache tu. Dawa inajulikana: kuchimba mitaro mirefu na kulaza waya wa shaba ndani yake, kutoboa mashimo ya kwenda chini na kuyajaza bentoniti, ule udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, kisha kuunga yote pamoja na kupima. Ni kazi ya nyundo na baramini. Nani katika mji huu anaijua kazi hiyo kuliko sisi? Tuiteni, mtulipe, tutachimba.

Na radi za huku si mchezo. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi za dunia kwa satelaiti waliweka Kabare, upande wa Bukavu, nambari ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo kule Venezuela. Tunaishi kwenye ziwa hili hili la Kivu, chini ya mawingu ya namna ile ile. Kuweka transfo hapa bila parafudri na bila waya wa udongo ni kama kupeleka mtoto barabara ya Sake saa ya malori.

Latere mbaya haiui transfo peke yake. Ikitokea kosa ndani ya kabini, umeme unaenea kwenye ardhi pembeni yake, na mbuzi ao mtoto anayepita pale anaupata kwa miguu. Waya wa katikati nao ukikatika, nyumba ingine inaweza kupokea karibu volti 400 kwa taa za volti 220. Mnakumbuka televizyo zilizotoa moshi.

Tuseme pia lile linalotuuma. Waya za udongo zingine ziliwekwa vizuri, zikachimbuliwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Kati ya waliochimbua kuna vijana wetu, tunawajua, njaa tunaijua pia. Shaba ile ilitoka Katanga ikaenda ng'ambo, ikarudi kwa bei ya juu, na siye tunaiuza kwa bei ya chakula cha siku moja. Mwenye kununua kilo zile asijifanye hajui zinatoka wapi.

Kuna pia hesabu ya mzigo. Transfo ya kVA 250 inabeba karibu ampere 360 kwa kila waya. Nyumba 300 zikiwasha resho za wati 1 500 saa moja ya jioni, ni kilowati 450. Haiwezi. Wamama wanapika kwa umeme juu makala ni ghali, na hatuwalaumu. Anayeunga nyumba mpya kila wiki kwenye transfo ile ile ndiye wa kuulizwa.

Wanatujibu kwamba umeme wenyewe ni kidogo. Ule wa Ruzizi unapanda kutoka Bukavu kwa laini ya volti 70 000, na laini ile imezeeka. Ni kweli. Lakini tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014 makampuni mengine yanaruhusiwa kuuza umeme, na Matebe kule Rutshuru, megawati 13.8, inafanya kazi tangu Desemba 2015. Hata megawati zikiongezeka, zitapita paka kwenye kabini hizi hizi.

Kwa hiyo tunaomba nyumba zisitoe dola ingine kabla ya kuona mambo matatu kwa macho: parafudri mahali pake, fizibili za kweli, na karatasi ya kipimo cha waya wa udongo, yenye tarehe na sahihi ya fundi, ibandikwe kwenye mlango wa kabini kila mtu asome. Kuchangia hatukatai. Tunakataa kuchangia mazishi yale yale kila msimu wa mvua.

Tulipeleka maombi haya kwa wahusika kwa barua. Jibu halijafika. Transfo ya tatu imeshaletwa, iko imefunikwa na shitingi, na waya wa udongo ungali unaishia juu ya lile jiwe.