Mtoto akikuita kwenye meli ya Uingereza, uliza kwanza: viza ngapi?



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limeletwa kwetu na wamama zaidi ya mmoja. Watoto wetu walio Uingereza wamekomaa. Wengine ni wauguzi, wengine wanaendesha bisi, wengine wana maduka yao. Wanataka kumfurahisha mama aliyewalea. Basi wanamwita awatembelee, na alipo kule wanamlipia nafasi katika meli kubwa ya matembezi. Meli hiyo inatoka bandari ya Southampton, inazunguka Hispania na Ureno, ao inapanda Norvege, kisha inamrudisha mahali pale pale kisha juma moja ao mawili. Ni zawadi nzuri. Lakini kuna mahali inapogeuka machozi, na ni pale tunataka kuanzia.

Mama mmoja wa mtaa wetu alialikwa hivyo. Binti yake alimwambia kwa simu: «Mama, usijisumbue, leta valizi yako tu.» Mama akashona vikwembe viwili vipya. Akapata viza ya Uingereza, akafika vizuri, akabembeleza wajukuu. Siku ya meli wakaenda bandarini wote: binti, bwana yake, watoto watatu na mama. Pale dirishani binti akatoa pasipoti tano za Uingereza na moja ya Kongo. Ile moja ikarudishwa. Meli ilikuwa inaelekea Hispania, na mama hakuwa na viza ya Hispania. Hakuna mtu aliyewakosea, karatasi ilikosekana. Watoto wadogo wakaanza kulia. Mama ndiye aliyesema: «Nendeni, msipoteze feza yote.» Akabaki siku saba katika nyumba ya mtoto, mwenyewe, akiangalia mvua dirishani. Vikwembe vilirudi Bukavu bila kuvaliwa. Tulipomwomba ruhusa ya kueleza haya bila jina lake, alijibu: «Elezeni. Mimi niliona haya kuuliza.»

Basi leo tuulize pamoja naye, bila haya.

Viza ya Uingereza haikufikishi Hispania

Uingereza ni nchi moja na mlango wake. Hispania, Ureno, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Italia na nyingine nyingi ziko pamoja chini ya viza moja inayoitwa Schengen. Norvege na Islandi pia zimo, hata kama haziko katika Umoja wa Ulaya. Irlandi haimo: ina viza yake. Kwa hiyo meli ikitoka Southampton na kutia nanga Lisbon, wewe mwenye pasipoti ya Kongo unahitaji viza mbili: ya Uingereza na ya Schengen.

Mtoto wako mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza kwa matembezi mafupi kama hayo. Ndiyo sababu hafikirii. Hakufichi kitu, kwake mlango huo uko wazi, anasahau kwamba kwako umefungwa. Na mtoto asiye na pasipoti ya Uingereza, mwenye kibali cha kukaa tu, naye anahitaji viza ya Schengen akitumia pasipoti ya Kongo. Yule anayesafiri na karatasi ya mkimbizi aulize nchi kwa nchi, maana sheria hazifanani.

Wengine husema: «Nitabaki ndani ya meli, sitashuka.» Msitegemee hilo. Makampuni mengi hudai viza za bandari zote za safari hata kama hutoki chumbani. Asiyekuwa nazo hapandi, na mara nyingi feza hairudi.

Hesabuni majuma mkirudi nyuma

Pasipoti ni moja, na haiwezi kulala juu ya meza mbili kwa wakati mmoja. Viza ya Schengen mnaweza kuiomba tangu miezi 6 mbele ya safari, na mwisho ni siku 15 mbele. Jibu huchukua kwa kawaida siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Viza ya matembezi ya Uingereza inaombwa tangu miezi 3 mbele, na jibu huchukua kwa kawaida majuma 3. Weka pale safari ya kwenda Kinshasa na kurudi, na gharama yake, maana kwa sisi wa mashariki hiyo peke yake ni mzigo. Kama mtoto amekwisha kulipa nafasi ya meli ya mwezi ujao, karibu hakuna njia. Aulize mama kwanza, kisha alipe.

Viza ya Schengen inaombwa kwa nchi ambamo mtakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, inaombwa kwa nchi mtakayoingia ya kwanza. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki na uzima wa miezi 3 kisha kutoka Schengen. Wanadai pia asiransi ya matunzo ya euro 30 000 kwa uchache. Na kama meli inaingia Hispania, inapita Irlandi, kisha inarudi Ufaransa, ombeni viza ya kuingia mara nyingi. Ya mara moja itakwisha pale mnapotoka.

Kuna njia nyepesi zaidi. Mwambie mtoto atafute safari isiyotoka katika nchi ya Uingereza: bandari za Scotland kama Greenock, Invergordon na Kirkwall, pamoja na Liverpool na Belfast. Hapo viza ya Uingereza peke yake yatosha. Lakini asome bandari moja moja. Safari nyingi zinazoitwa za kuzunguka visiwa vya Uingereza hugusa Dublin ao Le Havre, na bandari moja tu inatosha kumwacha mama chini.

Southampton si London

Bandari hiyo iko karibu kilomita 130 kutoka London. Treni inatoka kituo cha London Waterloo hadi Southampton Central, zaidi kidogo ya saa moja. Kuna bisi pia kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Na bandari yenyewe ina majengo matano ya abiria, mbali moja na lingine: Queen Elizabeth II na Ocean upande wa mashariki, City, Horizon na Mayflower upande wa magharibi. Mwenye taksi atakuuliza jina la jengo. Liandikeni kwenye karatasi, siyo katika simu tu, maana simu huzimika. Tena muangalie vizuri, kwa sababu meli nyingine hutoka Dover, Tilbury, Portsmouth ao Liverpool.

Ndege isifike siku ile ile ya meli. Ndege ikichelewa, meli haingoji. Lala usiku mmoja kwa mtoto ao karibu na bandari.

Na saa: kule saa 16:00 ni saa kumi yetu ya mchana. Mama akisikia «ten» asidhani ni saa kumi. Hiyo ni saa ine ya asubuhi. Kosa hilo ni dogo kwa mazungumzo, lakini kubwa kwa meli.

Mkononi na kwenye valizi

Valizi kubwa inachukuliwa na wapagazi mlangoni na kuletwa kwenye mlango wa chumba baadaye, pengine jioni. Funga etiketi yenye namba ya chumba kabla ya kuiachilia. Vitu hivi visiingie ndani yake: pasipoti, feza, miwani, na dawa zote za tension ao za sukari. Dawa zibaki katika pakiti zake, pamoja na karatasi ya muganga. Weka pia mkononi nguo ya baridi. Hata katika mwezi wa saba upepo wa juu ya meli unapiga.

Pasi na birika la umeme hukatazwa melini kwa ajili ya moto, na watavichukua. Toka nyumbani usibebe nyama kavu wala maziwa: Uingereza hairuhusu abiria aingize vitu hivyo kutoka kwetu. Kikwembe chako beba bila wasiwasi. Kuna jioni za mavazi mazuri, na kikwembe kilichoshonwa vizuri kinatosha kabisa.

Siku ya kwanza ndani ya meli

Kila abiria anafundishwa mahali pa kukusanyika hatari ikitokea, na sauti ya kengele yake. Usikwepe fundisho hilo juu ya uchovu. Mwaka 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Kuna abiria waliokuwa wamepanda siku ile ile na hawajafundishwa bado. Tangu 2015 sheria ya mataifa inaamuru fundisho litolewe mbele ya meli kuondoka ao mara moja ikiondoka. Sisi watu wa ziwa Kivu tunajua vizuri kinachotokea pale hakuna anayejua jile ziko wapi. Kama hukusikia lugha, mwombe mjukuu akupeleke kwa miguu toka chumbani hadi mahali penyewe, mara mbili, mpaka ujue bila yeye.

Feza melini

Chakula cha vyumba vikubwa kwa kawaida kimelipwa pamoja na tikiti. Lakini vinywaji vingi, intaneti, saluni, picha na matembezi ya bandarini huandikwa kwenye kadi yako ya chumba. Hulipi kwa noti, unaonyesha kadi tu, na deni linaonekana siku ya mwisho. Ukubaliane na mtoto siku ya kwanza: hiki nitumie, hiki niache. Muulize pia kama feza ya shukrani kwa wafanyakazi imekwisha kulipwa, maana meli nyingine huiongeza kila siku kwa kila mtu. Simu iwekwe bila mtandao, kwa sababu mtandao wa baharini una bei kali sana.

Afya

Kati ya Uingereza na Hispania kuna ghuba ya Biscay, na mawimbi yake yanajulikana. Anayechafuka roho achague chumba cha chini, katikati ya meli, na amuulize muganga dawa mbele ya safari, zaidi sana kama anameza dawa nyingine. Nawa mikono kwa maji na sabuni kila mara mbele ya kula. Magonjwa ya kuhara huenea upesi pale maelfu ya watu wanashika kijiko kimoja cha kupakua.

Muganga wa meli analipwa, na si kidogo. Hospitali za Uingereza pia hudai mgeni wa matembezi gharama yote na zaidi. Kwa hiyo asiransi iwe na neno la safari ya meli, na la kurudishwa nchi kavu kwa helikopta. Na kwa dada zetu wenye mimba: makampuni mengi hayapokei mwanamke atakayekuwa amefikisha majuma 24 safari ikiisha. Chukua karatasi ya muganga inayotaja majuma.

Mkishuka bandarini

Kila bandari ina saa ya mwisho ya kurudi, imeandikwa mlangoni pa meli. Fuata saa ya meli, siyo ya simu, maana Ufaransa na Hispania ziko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na simu hujigeuza yenyewe. Ukishuka, chukua kadi ya chumba na namba ya simu ya wakili wa bandari, ambayo huandikwa kwenye karatasi ya kila siku. Ukiachwa, ni yeye wa kuita. Bibi akitembea na wajukuu bila wazazi wao, awe na barua ya wazazi yenye kutiwa sahihi.

Sasa, wamama, tunarudi kwa yule mama wetu. Yeye ameshona vikwembe kwa wajukuu wa Kongo bila kufika Ulaya, amelipa shule za watoto kwa kuuza maharagi, na bado aliona haya kumuuliza mtoto wake swali moja. Alidhani atamuonyesha binti kwamba hajui. Binti naye hakujua. Wawili wasiojua walikutana pale dirishani.

Basi mtoto akipiga simu na furaha yake, mshukuru, umbariki, kisha umwambie: «Mwanangu, nisomee bandari zote, moja kwa moja, na kila moja uniambie viza yake.» Kama anacheka, mwache acheke. Andika kwenye kartasi, uilete kwenye mkutano wa chama, tutaisoma pamoja.

Yule mama amealikwa tena mwaka huu, safari ya Scotland. Safari hii ni yeye aliyeuliza. Vikwembe viko tayari.

Mubaki na amani.